Mkono wa Kuundwa na Dhima ya Mwenyewe

Miongoni mwa maswali ambayo mwanadamu hayaulizi mpaka msiba umlazimishe ni hili: mkono wake ni wake kwa sababu gani? Mwenye mikono miwili mizima hana haja nalo, kwa kuwa alijikuta nayo tangu alipojikuta na nafsi yake. Hula, huandika, hupokea na huamkiana kwayo bila ya kukumbuka kwamba baina ya kutaka kwake na kutenda kwake kuna kitu cha tatu kilichopewa kazi ya kuviunganisha. Lakini mtu aliyekatika mkono, kisha akafungwa mwingine wa plastiki na chuma, akaambiwa na fundi kwamba huu sasa ndio mkono wake na ajifunze kuutumia, huyo amekutanishwa na swali lenyewe ana kwa ana, wala hana pa kulikwepea, maana kila asubuhi anapouvaa na kila usiku anapouvua hutakiwa kulijibu upya.

Wako wanaosema kwamba jawabu ni jepesi: kilichoota mwilini ni changu, na kilichofungwa mwilini ni chombo tu. Wako wengine wanaosema kwamba chochote ninachokihisi kuwa changu, hicho ni changu, kiwe cha nyama au cha chuma. Mimi siridhiki na jawabu la kwanza wala la pili, na rai yangu naitanguliza hapa ili msomaji aipime njiani: mkono huwa wa mtu kwa dhima kabla ya kuwa wake kwa nyama au kwa hisi, yaani ni wake kwa kadiri anavyokubali kuulizwa kwa ajili ya yale unayoyatenda. Na anayejifunza kuutumia mkono wa kuundwa, kama atajifunza sawasawa, hafunzwi ufundi wa kushika na kuachia peke yake, bali hurejea kwa hiari yake, naye ni mtu mzima mwenye akili zake, katika mkataba ambao sisi wengine tulitiwa utotoni bila ya kuusoma.

Mikono ya kuundwa si jambo la jana. Götz von Berlichingen, mpiganaji wa Ujerumani aliyepoteza mkono katika mazingiwa ya Landshut mwaka 1504, alitengenezewa mkono wa chuma wenye vidole vya kukunjika, na mkono huo ungali umehifadhiwa katika ngome ya Jagsthausen. Katika karne hiyo hiyo Ambroise Paré, tabibu mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alichora mikono iliyojaa magurudumu ya meno na springi, kazi ya kupendeza macho. Hata hivyo chombo kilichowafaa watu wa kazi kwa muda mrefu zaidi hakina sura ya mkono hata kidogo: ni kulabu ya vidole viwili vya chuma, ambayo D. W. Dorrance, Mmarekani aliyekatika mkono katika kiwanda cha kupasulia mbao, aliiandikisha kuwa uvumbuzi wake mwaka 1912, na ambayo jamaa zake wa leo bado hufungwa mikononi mwa watu duniani kote. Kwetu Tanzania, mafundi wa viungo vya namna hii wamekuwa wakisomeshwa Moshi tangu mwaka 1981, katika chuo kilicho kando ya hospitali ya KCMC, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Mkono wa kulabu hufanya kazi hivi. Kigutu huvishwa soksi ya pamba, kisha huingizwa katika kikombe cha plastiki kilichofinyangwa kwa kipimo chake. Kutoka kikombe hicho mikanda hupanda mgongoni na kuzunguka chini ya kwapa la upande wa pili, na waya mwembamba unaopita ndani ya ala yake huiunganisha mikanda na kulabu. Mipira iliyovishwa kwenye shina la kulabu ndiyo inayovibana vidole vya chuma pamoja. Mwenyewe akitaka kuvifungua hana budi aunyoshe mkono, au ayasogeze mabega mbele, ili waya ukazike na kuishinda nguvu ya mipira. Akilegea, vidole hujifunga vyenyewe. Basi kazi iliyokuwa ya vidole imehamia mgongoni, na mgongo, ambao maisha yake yote ulizoea kubeba, sasa umetakiwa uokote.

Nimemjua mvuvi mmoja wa pwani ya Tanga aliyekatika mkono wa kulia chini ya kiwiko kwa baruti ya kuvulia samaki, kama walivyokatika wengine katika pwani hiyo kwa sababu hiyo hiyo; utambi uliwaka upesi kuliko alivyoukadiria, na chupa ikapasuka kabla ya kumtoka mkononi. Alipopewa kulabu, mazoezi yake yalianza kwa vitu ambavyo mtoto angevichezea: kuhamisha maharage kutoka sahani moja hadi nyingine, kutoa njiti moja ndani ya kibiriti, kufunga kifuniko cha chupa, na mwisho yai la kuchemsha, ambalo mipira ikiachiwa ifanye ipendavyo hulipasua, na ambalo siri yake ni kulegeza bega kidogo kidogo na kulizuia katikati ya njia, wala si kulilegeza lote. Katika majuma ya mwanzo alitokwa na jasho kwa kukitoa kikombe cha chai mkekani na kukiweka juu ya meza, si kwa uzito wa kikombe, bali kwa sababu tendo ambalo zamani lilikuwa moja sasa lilimjia limegawanyika: kuamua kwanza, kuielekeza kulabu, kuyasogeza mabega, kisha kutazama kama imeshika, maana chuma hakileti habari. Habari zote alizipata kwa macho. Usiku mmoja umeme ulipokatika ghafula naye ameshika vitu katika mikono yote miwili, mkono wa kushoto uliendelea kujua umeshika nini, na wa kulia ukawa kama haupo duniani mpaka taa ilipowashwa.

Na usiku ukizidi kuingia, baada ya mikanda kuvuliwa na kulabu kutundikwa msumarini, mkono uliokatika ulikuwa ukirudi. Ulimuuma. Alivihisi vidole vimekunjamana ndani ya kiganja hata kucha zikataka kuingia nyamani, naye hana kiganja wala kucha. Jambo hili wanalijua watu wengi waliokatika viungo, na wanafalsafa wamelijua zamani. Descartes, katika kitabu chake cha misingi ya falsafa kilichotoka mwaka 1644, alikitaja kisa cha msichana aliyekatwa mkono kwa ugonjwa asiambiwe, akawa akilalamika maumivu mara ya kidole hiki, mara ya kile, katika mkono ambao haukuwapo tena. Naye Descartes akalifanya hilo kuwa ushahidi kwamba maumivu hayahisiwi na roho katika kiungo, bali huhisiwa kwa yale yanayotukia ubongoni.

Lakini tazama mvuvi wetu amewekwa wapi. Ana mikono miwili ya kulia: mmoja haupo na unauma, mmoja upo na hauumi. Wa kwanza una hisi bila ya tendo. Wa pili una tendo bila ya hisi. Mkono aliozaliwa nao ulikuwa na yote mawili, wala hakuweza kuyatenga, na kwa kutokuweza huko alidhani, kama tunavyodhani sote, kwamba kuwa na mkono ni jambo moja tu. Msiba umemfanyia uchambuzi ambao akili yake isingeufanya. Sasa akiulizwa upi katika hiyo miwili ni mkono wake, ajibu nini?

Wanaotengeneza mikono ya umeme, ambayo majaribio yake yalianza Ujerumani katika miaka ya 1940, wamelijibu swali hili kwa njia ya kazi, ingawa hawakudhamiria kufalsafu. Misuli ya kigasha iliyosalia ikikazwa hutoa umeme mdogo sana, na vipokezi vilivyogusishwa na ngozi ndani ya kikombe huunasa na kuupeleka kwenye mota inayofungua na kufunga vidole. Mwanafunzi wa mkono huo huambiwa afanye jambo ambalo kwa asiyejua ni upuuzi mtupu: afungue mkono asiokuwa nao, aunyoshe na kuukunja kama aliyenao, mara baada ya mara, mpaka misuli yake iliyozubaa ikumbuke ilikuwa ikifanya nini. Basi mkono usiokuwapo ndio unaouamrisha uliopo. Fukahaa wetu wameiweka nia moyoni na kuitanguliza mbele ya tendo, na wengi wetu tulilichukua hilo kuwa ni adabu ya ibada. Kumbe hata katika umbo la mwili nia ina makao yake, na kiungo kikiondoka nia yake haiondoki, hubaki pale ikingoja cha kukitumia.

Hukama wa kale wanaweza kutusaidia hapa, kwa kuwa walilitazama jambo hili pasi na haraka. Aristotle aliuita mkono chombo cha vyombo vyote, na mahali pengine akasema kwamba mkono uliotengwa na mwili ni mkono kwa jina tu, kama wa sanamu ya jiwe, kwa maana vitu hujulikana kwa kazi zao. Watu hulichukua neno hili kuwa ni dhidi ya mkono wa kuundwa, nami naona lina upande wa pili: ikiwa mkono uliozikwa umepokonywa jina kwa kuwa haufanyi kazi yake, basi kile kinachoifanya kazi hiyo, kwa amri ya mtu yule yule na kwa haja zile zile, kina madai ya haki juu ya jina lililobaki wazi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwenda mbali zaidi. Ndiye aliyetutaka tumfikiri mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vimetanuliwa hata kimoja hakigusi kingine. Mtu huyo, asema Ibn Sina, hatajua kama ana mkono au mguu, lakini hatakosa kujua kwamba yeye yupo. Kisha katika sehemu nyingine ya kitabu hicho hicho cha Shifaa akaeleza kwamba viungo vyetu kwa kweli ni kama mavazi, ambayo kwa kudumu kwetu nayo tumeyadhania kuwa ni sehemu ya nafsi zetu, na tofauti yake na nguo ni kwamba nguo tumezoea kuzivua.

Mvuvi aliyetundika kulabu msumarini angemfahamu Ibn Sina kwa urahisi kuliko wanachuoni wengi. Hata hivyo mazoea peke yake hayatoshi kuwa jawabu, kwani mazoea ni hisi iliyokaa sana, na hisi imeonekana kuwa shahidi asiyetegemewa. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Botvinick na Cohen, walitangaza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia: mtu huketishwa, mkono wake ukafichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yake ukawekwa mkono wa mpira, kisha brashi mbili zikapitishwa kwa wakati mmoja, moja juu ya mkono uliofichwa na moja juu ya ule wa mpira. Baada ya dakika chache watu wengi hukiri kwamba wanausikia mguso pale pale kwenye mpira, na kwamba mpira ule umekuwa kama mkono wao. Ikiwa hisi ya umilikaji huweza kununuliwa kwa brashi mbili na dakika chache, na ikiwa hisi hiyo hiyo humshikilia mvuvi kwa maumivu ya mkono uliokwisha kuoza ardhini, basi hakimu huyu hutoa hukumu kwa yeyote amwendeaye, na haifai kumpelekea kesi yetu.

Kesi yetu iliamuliwa mahali pengine, nami nilikuwapo. Mvuvi yule alikuwa ameketi barazani pamoja na wazee wa mtaa, muuza kahawa akapita, akampa kikombe. Naye, kwa kuwa ameshakuwa hodari, alikipokea kwa kulabu akiwa anazungumza, bega likalegea kwa namna isiyotakiwa, kikombe kikabanwa upande, kikateleza na kuvunjika juu ya saruji. Waliokuwapo wakamwahi kwa huruma. "Si wewe, ndugu yetu," mmoja akasema, "ni hicho chuma." Akawatazama kwa uso uliokunjamana. "Chuma hakinywi kahawa," akajibu. "Nimekivunja mimi. Ami, kikombe bei gani?" Muuza kahawa akakataa fedha, na yeye akakataa kukataliwa, hata akamlipa.

Wale waliomwonea huruma walidhani wanamkirimu, na bila ya kujua walikuwa wakimkata mkono mara ya pili. Maana walichomwambia ni kwamba upande wake wa kulia yeye hayupo, pana kitu tu, na kitu hakilaumiwi. Alipoitaka lawama iwe yake aliutaka na mkono uwe wake, na hapana njia nyingine ya kuupata. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba mema yanayotoka katika mkono huu ni yako na mabaya yake ni ya fundi. Al-Ghazali alipovieleza viungo vya mwili kuwa ni askari wa moyo, wanaotii amri yake, alimweka mwenye moyo mahali pa mfalme asiyeweza kusema kwamba jeshi lilikwenda vitani bila yeye. Na askari aliyeajiriwa leo yumo katika hisabu ya mfalme sawa na yule aliyezaliwa ngomeni.

Atasema mwenye kupinga kwamba hoja hii imeshinda mno, kwani mtu huulizwa pia kwa ajili ya kisu chake na kalamu yake, na wala hatusemi kwamba kisu ni mkono. Ni kweli, lakini dhima ya kisu hupita kituoni. Mwenye kujeruhi kwa kisu huulizwa kwa nini alikichukua, na jawabu lake laweza kumwokoa au kumwangamiza. Mkono hauulizwi kwa nini ulichukuliwa. Ndipo mahali ambapo maswali ya chombo hukoma na maswali ya mtu huanza. Na huko ndiko mazoezi yote ya kulabu yanakoelekea. Mwanafunzi wa mwanzo hushika kulabu, na kwa kulabu hushika uzi. Aliyehitimu hushika uzi. Mvuvi wetu sasa ni mshona nyavu, hana mshindani katika mtaa wake, kwa sababu vile vidole viwili vya chuma huukamata uzi wa wavu na kuukaza bila ya kuchoka wala kukatwa, huku mkono wa kushoto ukiipitisha sindano. Na ukimwuliza kulabu yake imefanya nini saa ile, itambidi afikiri kwanza, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa katika jicho la wavu.

Atarudi tena mwenye kupinga, na safari hii kwa hoja nzito zaidi: mkono wa kuzaliwa hushiriki katika adha ya mwenyewe, huungua, hukatika, huona baridi, na kulabu huweza kutiwa jikoni isijue. Je, kisichoumia pamoja nami chaweza kuwa changu? Hoja hii siipuuzi, na hasara iliyomo ndani yake ni hasara ya kweli ambayo fundi yeyote mwaminifu huikiri. Lakini nikiipima naiona inaongeza dhima, haiipunguzi. Mkono wa nyama hulindwa na maumivu kabla ya kulindwa na akili. Ukimgusa mtoto shavuni kwa nguvu mno, ngozi yenyewe hukuonya. Kulabu haionyi. Mwenye kuivaa hana budi aipe kwa makusudi upole ambao wengine tumepewa bure, atazame pale ambapo wengine hugusa, na akumbuke pale ambapo wengine hushtuka. Kwa hivyo katika mkono huo pana sehemu kubwa zaidi ya mtu, kwa maana ya hiari yake na adabu yake, kuliko katika mkono unaojiendesha nusu kwa ngozi.

Sheria nayo ina neno, na neno lake lina pande mbili. Limepokewa katika hadithi za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, vita vya zama za ujahiliya, akajifanyia pua ya fedha. Ikamtolea harufu mbaya, na Mtume akamwamuru afanye ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kuvaliwa na wanaume, nayo ikahalalishwa ili mtu arejeshewe uso wake kwa kitu kisichooza; hivyo wale wanaoona kwamba kiungo cha kuundwa ni kujipinga na kadari, au ni pambo la mwenye kiburi, wanashindana na hukumu iliyotoka katika karne ya kwanza ya Hijra. Upande wa pili ni wa udhu. Fukahaa wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio tunaowafuata pwani hii, wamesema kwamba aliyekatika sehemu ya kigasha huosha kilichobaki, na aliyekatika kiwikoni huosha kichwa cha mfupa wa juu. Hawakusema maji yafuate chuma. Basi maji yana haki juu ya kilichoumbwa, na hisabu ina haki juu ya kilichotendwa, na wala haki hizi mbili hazidhulumiani. Mshona nyavu huvua mikanda yake penye birika, akaosha kigutu, akaifunga tena, na tangu hapo kila atakachokifanya kwa kulabu kitaandikwa kwa jina lake.

Hapa tumefika penye tundu la swali ambalo wengi huliogopa. Kurani imetaja siku ambayo vinywa vitatiwa muhuri, na mikono itasema na miguu itashuhudia. Mkono wa kulia wa mvuvi yule ulizikwa mchangani, na ulikuwa na mengi ya kusema: ulirusha baruti juu ya matumbawe yaliyojengeka tangu kabla ya mababu zake, ukaua samaki wachanga pamoja na wakubwa, na waliokotwa wachache kuliko waliozama. Je, mkono ukizikwa, ushahidi wake umezikwa nao, na kulabu isiyo na ulimi ni mwanzo mpya usio na deni? Kurani hiyo hiyo imesema kwamba Mwenyezi Mungu ni muweza wa kuzisawazisha hata ncha za vidole, na Jaafar bin Abi Talib, aliyekatwa mikono yote miwili katika vita vya Muta mwaka 629, imepokewa kwamba alipewa mabawa mawili peponi mahali pa mikono yake. Anayeweza kulipa hivyo hashindwi kukusanya shahidi aliyetawanyika. Lakini mvuvi mwenyewe hakungoja siku hiyo. Hashoni kokoro. Watu humletea nyavu za macho madogo zinazozoa kila kilichomo, humwahidi malipo mazuri, naye huzirudisha kama zilivyokuja. Deni lililofanywa na mkono wa nyama analilipa kwa mkono wa chuma, na hilo lisingewezekana kama dhima ingekuwa ni ya nyama. Wako waliosema kwamba mkono wake ulikatika kwa adhabu. Mimi sina ujuzi wa kadari ya mtu, nami nayaogopa maneno hayo. Ninachokijua ni kwamba toba yake imepata kiungo cha kuifanyia kazi.

Tena lipo jambo katika kulabu yenyewe ambalo wenye kuhubiri ukarimu wangelitamani. Nimekwisha kueleza kwamba vidole vyake hujifunga vyenyewe, na kwamba kufungua ndiko kunakotaka nguvu. Kushika hakumgharimu mwenyewe chochote, na kuachia humgharimu kila mara. Kurani imemsawiri bahili kwa mtu ambaye mkono wake umefungwa shingoni. Na huyu mshona nyavu mkono wake kweli umefungwa kwa mikanda mpaka bega la pili, hata akitaka kumpa mtu shilingi, hawezi ila kwa kuunyosha mbele na kuinamisha mabega kidogo kama anayesalimu. Angeweza kutoa kwa kushoto, mkono wa nyama ulio mwepesi; lakini pwani kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumvunjia heshima, naye hutoa kwa kulia, kwa chuma, polepole, na wapokeaji husubiri mikono yao imekingwa bila ya kuona ajabu. Tazama hukumu ya watu hawa wasiosoma falsafa: katika kuchagua baina ya nyama na adabu, wameuhesabu mkono wa chuma kuwa ndio wa kulia.

Yasidhaniwe maneno haya kuwa ni amri kwa kila aliyekatika mkono avae mwingine. Wengi huujaribu, wakauona mzito, unatia harara katika joto la kaskazi, unawachelewesha katika kazi ambazo kigutu na mkono mmoja huzimaliza upesi, wakauacha kabatini. Nao hawakupungukiwa na chochote mbele ya Mungu wala mbele ya watu, kwa kuwa taklifu hufuata uwezo, na mwenye mkono mmoja anayeulizwa kwa ajili ya mmoja ameulizwa kwa haki. Lililo wajibu ni letu sisi tulio pembeni. Tusimshike mtu mkono wake wa kuundwa wala kuupindua tuutazame bila ya idhini, kama ambavyo hatungeshika wa nyama. Tusimwondolee kazi kwa huruma. Na mkono huo ukivunja kitu, tumwachie alipe.

Basi akiulizwa mtu yule upi ni mkono wake, ule unaouma usiku au ule unaoshona mchana, naona ana jawabu lisilohitaji tabibu wala mwanafalsafa. Unaouma ni kumbukumbu ya alichopewa, nao una haki ya kuliliwa. Unaoshona ni amana aliyoikubali kwa hiari, akaisomea kwa jasho, akaikiri mbele ya mashahidi kwa bei ya kikombe. Sisi wengine tulipewa viwili hivyo katika kiungo kimoja, na ndiyo sababu tunaishi miaka mingi bila ya kujua kwamba tuna deni. Yeye analijua, na siku ya hisabu hatakuwa na udhuru tusiokuwa nao, wala hatakuwa na upungufu.